Tope la Katesh na Mnara wa Siloamu

Wewe ambaye si wa ushirika wetu lakini redio yako imetua hapa, karibu. Maneno ya leo yanakuhusu, kwa kuwa mvua haiulizi cheti cha ubatizo.

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na dada mmoja ambaye sitamtaja jina wala kijiji. Mama yake mdogo alifukiwa na tope kule Katesh, wilayani Hanang', Desemba 2023. Anasema alikuwa mwanakwaya, mtu wa kuamka usiku kuombea watoto wa wenzake. Sasa juzi, kwenye mkutano wa Injili hukohuko, mhubiri mgeni alishika maikrofoni akatangaza kwamba tope lile lilikuwa hukumu ya Mungu juu ya mji. Umati ukaitikia amina. Dada huyu hakuitikia. Alichukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani. Ananiuliza maneno matatu tu: "Mzee, ni kweli?"

Siku sita nimetembea na swali hilo. Leo nalijibu, lakini nitaanza kwa kumtendea haki mhubiri yule. Nitampa hoja nzito kuliko aliyokuwa nayo jukwaani.

Mlima Hanang' uliporomoka alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo makanisa yanayofuata kalenda ya masomo hufungua mwaka mpya wa ibada. Waamini Wakatoliki waliokuwa wakijiandaa kwenda misa asubuhi ile walikuwa wasomewe Isaya, pale nabii anapomlilia Mungu azipasue mbingu ashuke, milima itetemeke mbele zake. Kisha Injili ya Marko, sura ya 13, pale Yesu anapowaagiza watu wake wakeshe, kwa sababu mwenye nyumba aweza kurudi jioni, au usiku wa manane, au jogoo anapowika, au asubuhi. Milima itetemeke. Jogoo anapowika. Na tope lilishuka jogoo wakiwika.

Nilipofungua kitabu cha masomo nikaliona hilo, nilikifunga. Nikatoka nje nikasimama uani kwa muda.

Lakini nilipokuwa pale uani nikakumbuka kwamba masomo hayohayo yalisomwa Jumapili ileile Moshi, chini ya mlima mrefu kuliko Hanang', na Kilimanjaro ulikaa kimya. Yalisomwa Mbeya, yalisomwa Roma, yalisomwa Manila. Mpangilio wake ulikuwa umechapwa kabla baadhi ya watoto waliokufa Katesh hawajazaliwa. Mtu anayetafuta ishara ataipata tu, kama mwenye njaa anavyosikia harufu ya pilau kila nyumba anayopita.

Wataalamu wa miamba waliotumwa na serikali walifika, wakarudi na maelezo yasiyo na ngurumo ndani yake. Hanang' ni volkano iliyolala, yenye kimo kinachozidi mita 3,400. Kwanza wakaukata uvumi kwamba volkano imelipuka. Kilichotokea, wakasema, ni kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua zile kubwa, ikalemewa, ikameguka. Kipande hicho kikageuka tope, tope likafuata mikondo ya maji, likazoa mawe na magogo, likaingia kwenye makazi na katika mji wa Katesh. Watu 89 walikufa. Walikuwemo wa kila dhehebu na wasio na dhehebu, kwa sababu tope hufuata mteremko.

Sasa nikiri jambo. Ninamwelewa mhubiri yule kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Wiki ile nilikuwa nikiongoza somo katika ibada ya nyumba kwa nyumba, huku mbali na Bukoba. Sikuwa nimejiandaa vizuri, na mwalimu asiyejiandaa hupenda kuongea kwa sauti kubwa. Nikasema Mungu amewatikisa ndugu zetu wa Kagera ili waamke usingizini. Palikuwa na mama mmoja Mhaya, mtu mzima, ameketi karibu na mlango. Aliinuka, akajifunga kanga yake, akatoka. Hakuaga.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilipoingia alinikaribisha kwa buni za kutafuna, kama walivyo watu wa kwao. Hata ukimkosea Mhaya, mgeni ni mgeni. Akaniacha nitafune. Kisha akasema, "Mwalimu, kanisa la kijijini kwetu limepasuka. Ihungo, shule ya wamisionari waliyosoma kaka zangu, imebomoka. Baa ya pale njia panda haina hata ufa. Huyo Mungu unayemhubiri hana shabaha."

Nimesoma vitabu kadhaa vya teolojia tangu hapo. Sijakutana na sentensi iliyoninyamazisha kama ile.

Mama yule hakujua kwamba amerudia hoja iliyoitikisa Ulaya nzima. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon, Ureno, ulipigwa na tetemeko asubuhi, watu wakiwa wamejaa makanisani. Mapaa yakawaangukia. Mishumaa ya altareni ikasaidia kuwasha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waliokimbilia ufukweni wakakutana na bahari inapanda. Padri Gabriel Malagrida, Mjesuiti aliyeheshimika sana, akaandika kijitabu kueleza chanzo. Chanzo, kwa mujibu wake, kilikuwa dhambi za mji: maigizo, dansi, muziki, michezo ya kupigana na ng'ombe. Akawakemea hata waliokuwa wakihangaika kujenga vibanda vya kujistiri badala ya kutubu. Kule Uingereza naye John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akaandika kuhusu tetemeko lilelile, na yeye jicho lake likaangukia damu iliyomwagwa na mahakama ya kanisa iliyowatesa watu Ureno. Kifusi kimoja, dhambi mbili tofauti, na kila mhubiri aliiona ya mwenzake. Nyani haoni kundule.

Wakati huohuo waziri wa mfalme, yule ambaye baadaye aliitwa Marquês de Pombal, alipeleka maswali kwa maparoko wa nchi nzima. Tetemeko lilianza saa ngapi? Lilidumu kwa muda gani? Bahari ilirudi nyuma kwanza, au ilipanda kwanza? Wamekufa wangapi? Maparoko wakaketi wakajibu, kila mmoja kwa mwandiko wake, na wataalamu wa matetemeko wanayatumia majibu yale hadi leo. Nawapenda sana maparoko hao wasio na majina. Pombal mwenyewe simsifu. Alimchukia Malagrida, na mwaka 1761 mzee yule alinyongwa kwa hukumu ya mahakama ileile ya kanisa. Hoja mbovu hujibiwa kwa hoja. Kamba haijibu kitu.

Hata hapa pwani kwetu tumeyaona. Aprili 1872 dhoruba kubwa iliivamia Unguja ikaiangusha mikarafuu, mali iliyostawishwa kwa jasho la watumwa. Mwaka uliofuata soko la watumwa likafungwa. Ukitaka kuhubiri hukumu, hadithi imekaa vizuri kabisa. Ila dhoruba ile iliiacha Pemba, na Pemba nako mikarafuu ilikuwa mikononi mwa mabwana wenye watumwa. Baada ya hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Najua kuna msikilizaji ameshafungua Biblia yake ananitafutia kifungu. Anasema, mzee huyu anatuficha Nuhu, anatuficha Sodoma, anatuficha Kora aliyemezwa na ardhi, anamficha Amosi aliyeuliza kama mji unaweza kupatwa na baya ambalo Bwana hakulifanya. Hapana ndugu yangu, simfichi mtu. Mungu anahukumu. Nikilikana hilo nitakuwa nimechana nusu ya kitabu. Mungu asiyekasirishwa na damu ya maskini hanifai kitu, wala hamfai mjane.

Ila soma habari hizo zote kwa utulivu, utazame mpangilio wake. Neno linatangulia, maji yanafuata. Nuhu aliambiwa kabla. Ibrahimu aliambiwa kabla. Musa aliwaambia watu wasogee mbali na hema za Kora kabla ardhi haijafumbua kinywa. Ninawi ilipewa siku 40. Amosi huyohuyo, kifungu kinachofuata, anasema kwamba Mungu hafanyi jambo bila kuwafunulia manabii siri yake. Sasa mhubiri wetu alikuwa wapi Novemba 2023? Kama Bwana alimfunulia, mbona hakupanda basi akaenda Katesh kuwaambia watu wahame bondeni? Na kama Bwana hakumfunulia, hilo neno la hukumu amelitoa wapi baada ya mazishi?

Halafu tazama mwenye kuambiwa alifanya nini. Ibrahimu aliposikia habari za Sodoma, hakwenda kufunga vipaza sauti. Alianza kubembeleza. Kukiwa na wenye haki 50? Wakipungua watano? Thelathini je? Alishuka kama mama anavyopunguziwa bei ya dagaa sokoni, mpaka akafika 10. Anauombea mji ambao hata si wake. Yona ndiye aliyependa mji uangamie, aliketi nje akisubiri kutazama, na kitabu kile kinamalizika yeye akiwa ndiye anayeulizwa swali na Mungu. Wahubiri wetu wengi wa majanga wameketi pale chini ya mmea wa Yona.

Ndipo tunafika kwenye Luka 13, na hapa naomba usiende jikoni.

Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu. Bila shaka walitaka aseme kitu kuhusu Pilato, au kuhusu Wagalilaya. Yesu akaongeza habari nyingine ambayo hakuna aliyemuuliza: mnara wa Siloamu, ulioanguka Yerusalemu ukaua watu 18. Akawauliza kama wanadhani wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa mji. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageuzia wao kibao: msipotubu, nanyi mtaangamia.

Watu hugawana kifungu hiki kama nyama ya mbuzi. Wenye moyo laini huchukua ile "sivyo" wakaacha toba. Wenye moyo mgumu huchukua toba wakaacha ile "sivyo". Yesu alitoa vyote kwa pumzi moja, na jambo la kutazama ni anasema na nani. Kuhusu waliokufa, anafunga faili. Toba anawaambia walio hai, wanaopumua, waliosimama mbele yake, tena akiwa haoni kwamba wao ni wabaya kuliko wafu wala wema kuliko wafu. Kwa hiyo mhubiri akiniambia, "Wewe mzee, Hanang' imekuonyesha kwamba waweza kufa kesho alfajiri, umejiandaaje?" nitamwambia amina kwa sauti. Akiniambia wale 89 walikuwa na nini, nitamwambia Bwana wetu alishaikataa kesi hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu Siloamu ambalo sisi wa mijini tungelielewa haraka kuliko wengine. Lile lilikuwa jengo. Halikuwa tetemeko wala mafuriko. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 20. Sikumbuki mtu akisema wafanyabiashara wale wamehukumiwa. Tuliuliza nani alikuwa akichimba chini, nani alitoa kibali, mkandarasi yuko wapi. Yalikuwa maswali mazuri na ya haki. Basi kwa nini tope likishuka tunayasahau maswali hayo, tunamrukia Mungu?

Aprili mwaka huohuo, Mai Mahiu, Kenya, maji yalipasuka usiku yakafagia watu makumi wakiwa vitandani. Wizara ya maji ya huko ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na mawe, miti na udongo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, tuta likashindwa. Kalavati iliyoziba, msikilizaji. Ukiiita hiyo hukumu ya Mungu unamtwika Mwenyezi kazi iliyomshinda mwenye koleo. Kumsingizia mtu ni dhambi, iko kwenye Amri Kumi, sioni kwa nini kumsingizia Mungu kuwe ibada.

Na sisi tusiohubiri hukumu tuna yetu. Tunasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Utaisikia kila msiba, kuanzia kwa mwongozaji mpaka kwa mgeni wa heshima aliyechelewa. Nimeisikia ikisemwa kwenye mazishi ya kijana aliyegongwa na dereva mlevi. Dereva alikuwepo msibani. Aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Vilevile yale maneno ya Ayubu, kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa. Maneno matakatifu kabisa. Lakini angalia nani aliyasema. Upepo mkubwa ulitoka jangwani ukaipiga nyumba, watoto wake wote wakafa mle ndani, na aliyesema ni yeye baba yao, amelala kifudifudi, nywele amenyoa. Mfiwa ana haki ya kuyasema. Mgeni hana haki ya kumsemea. Rafiki zake walipofika waliketi naye chini, siku saba mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyofanya katika kitabu kizima. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa na kuanza kueleza. Mwishoni Mungu alisema wao ndio walionena vibaya habari zake, na ikabidi Ayubu, mwenye majivu mwilini, awaombee.

Kwa hiyo kanisa lifanye nini likisikia janga? Matendo ya Mitume, sura ya 11. Nabii mmoja, Agabo, alifika Antiokia akasema njaa kubwa inakuja, na ikaja wakati wa Kaisari Klaudio. Wale Wakristo wa Antiokia hawakuuliza njaa ni ya dhambi gani. Waliuliza ndugu wa Uyahudi watakula nini. Wakachanga, kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa, wakawapa Barnaba na Sauli wapeleke. Ndivyo ilivyo habari nzima, vifungu vitatu au vinne. Unabii ukageuka mchango.

Agabo wetu siku hizi yuko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kabla ya mvua za mwishoni mwa 2023 walituonya kuhusu El Niño, na wengi wetu tukawacheka. Nashauri matangazo ya kanisani, baada ya ndoa na vikundi, yawe na dakika moja ya utabiri wa mvua, hasa kwenye sharika zilizo chini ya milima na kando ya mito. Mzee wa kanisa anayemjua bibi anayeishi peke yake bondeni ana kazi ya kinabii ya kufanya kabla mawingu hayajajaa.

Dada uliyeniandikia, umeningoja vya kutosha. Jibu langu ni hapana. Mama yako mdogo hakuhukumiwa Katesh. Alikuwa amelala chini ya mlima uliolemewa na maji, pamoja na majirani zake, wema na wabaya, kama sisi sote tulivyolala usiku ule. Kwa nini Mungu hakuushika mlima, sijui, na simwamini anayesema anajua. Ninachojua ni kwamba Mungu ninayemwabudu alilia kaburini kwa Lazaro, na hakuna mtu pale aliyesimamishwa aeleze dhambi za marehemu. Rudi kanisani Jumapili hii. Kakae kwenye benchi la kwaya, pale alipokuwa akikaa yeye, na mtu akikuuliza mwambie mimi ndiye niliyekutuma.

Na wewe mhubiri, kama unanisikia: kutoka Babati hadi Katesh barabara ni ya lami. Waliopoteza makazi wamejengewa nyumba zaidi ya mia moja kule Waret, hazina shida kuzipata. Nenda bila maikrofoni, ukapige hodi uombe radhi. Usikate tamaa wakichelewa kufungua. Kwa mama yule wa Kihaya mimi nilipiga hodi mara tatu.